Kichwa cha silinda cha Peugeot 504: Jinsi ya kukiondoa bila kuiua injini

WAKENYA wengi waliokwisha kutimu umri wa miaka arubaini wanakumbuka kusafiri wakiwa wamebanana ndani ya Peugeot 504, mizigo ikiwa imefungwa kwa kamba juu ya paa na dereva akikimbia kana kwamba barabara ni yake peke yake.

Gari hilo, ambalo wengi walilizoea kwa jina la 'Pijo', lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968 na mwaka uliofuata likatawazwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hapa Afrika Mashariki lilipokelewa vyema kwa kuwa lilimrithi ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, aliyekuwa ameshinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

504 nalo halikuwaaibisha wafuasi wake. Ove Andersson wa Uswidi alinyakua ushindi wa Safari Rally akiliendesha mwaka wa 1975, naye Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akafanya vivyo hivyo mwaka wa 1978 kwa gari la muundo wa milango miwili lenye injini ya silinda sita.

Siku hizi 504 nyingi zilizosalia humu nchini zimeegeshwa. Zimo nyuma ya nyumba, chini ya miembe, au katika pembe za gereji ambako kuku hutagia kwenye viti. Aghalabu ni gari aliloliacha marehemu baba au babu, na watoto sasa wanatamani kulirejesha barabarani. Ukiuliza lilikwamia wapi, mara nyingi utajibiwa kwamba lilichemka njiani na tangu siku hiyo halijawahi kuwa sawa.

Jibu hilo humwelekeza fundi kwenye kichwa cha silinda na gasketi iliyo chini yake. Yafuatayo ni maelezo kuhusu injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita mchemraba 1971, ambayo ndiyo iliyotumika katika 504 nyingi. Anayemiliki 504 ya dizeli ana injini nyingine kabisa na asiyafuate haya neno kwa neno.

Injini hiyo ina sehemu mbili kubwa. Sehemu ya chini, ambayo mafundi huiita bloku, imetengenezwa kwa chuma cha kusubu na ndiyo inayobeba pistoni. Sehemu ya juu, yaani kichwa cha silinda, ni ya alumini na ndiyo inayobeba valvu na plagi. Kati ya hizo mbili hulala gasketi, bamba jembamba linalozuia moto, maji na oili kuchanganyikana.

Tatizo linaanzia hapo. Alumini ikipata joto hutanuka takriban maradufu ya chuma. Injini ikiwa na maji ya kutosha tofauti hiyo huvumilika, lakini maji yakipungua na dereva akaendelea kukanyaga mafuta ili afike kituo kinachofuata, kichwa hujipinda nayo gasketi huungua.

Dalili za gasketi iliyoungua hazijifichi. Oili hugeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa iliyopoa. Mapovu huchomoza kwenye rejeta injini inaponguruma, na mipira ya maji huwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari. Moshi mweupe hutoka kwenye ekzosi hata jua likiwa la utosi, nayo maji hupungua kila siku bila kuonekana yanakovujia. (Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto. Kuna watu waliobabuka nyuso kwa kukidharau kifuniko hicho.)

Hata hivyo, gasketi iliyoungua si hukumu ya kifo. Gasketi ni kipuri cha kununuliwa dukani, na kichwa kilichojipinda kidogo husawazishwa kwa mashine. Injini nyingi za 504 hazikufa kwa sababu ya kuchemka. Zilikufa gereji, siku zilipofunguliwa. Zilikufa kwa nyundo, patasi, mwali wa gesi na haraka ya kumaliza kazi kabla ya jioni.

Hasara ya bloku ni kubwa kupita ya kichwa. Nambari ya injini imeandikwa katika kumbukumbu za usajili wa gari, na anayebadilisha injini anatakiwa kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, ili kumbukumbu hizo zirekebishwe. Isitoshe, gari lenye injini lililotoka nayo kiwandani huthaminiwa zaidi na wapenzi wa magari ya kale kuliko lile lililopandikizwa injini ya pikapu ya Kijapani, ingawa hilo la pili huenda likawa na nguvu zaidi.

Maandalizi

Kazi ifanywe injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana baada ya kulala usiku mzima. Kichwa cha alumini kikilegezwa kingali moto hujipinda papo hapo, hata kama hakikuwa kimejipinda awali.

Betri itolewe kwanza. Maji yamwagwe kutoka kwenye rejeta na pia kwenye bloku yenyewe, kwa maana maji yanayobaki ndani ya bloku ndiyo humiminika kwenye oili pindi kichwa kinapoinuliwa. Yapokewe kwa karai. Yakiwa yametiwa dawa ya kupozea injini ni sumu, na utamu wake huwavuta mbwa na paka.

Vitu vinavyofuata, yaani kabureta, nyaya za plagi, mipira na bomba la moshi, havina siri kubwa. Vipigwe picha kwa simu kabla ya kuguswa. Fundi wa zamani alitegemea kumbukumbu yake, na gari likikaa miezi mitatu likisubiri kipuri, kumbukumbu hiyo ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye magari mengine.

Linalohitaji uangalifu ni zile fimbo nyembamba zinazosukuma valvu kutoka chini. Kila fimbo imezoeana na mahali pake kwa miaka mingi na haifai kuhamishwa. Chukua kipande cha katoni, kitoboe matundu manane, yape nambari, kisha kila fimbo ikitoka ichomekwe kwenye tundu lake. Fimbo zitolewe polepole huku zikizungushwa kidogo, zisije zikaking'oa kifaa kilicho chini yake na kukiangusha ndani ya injini.

Boliti za kichwa hazifunguliwi kiholela. Huanzwa zile za pembeni, kisha mfunguaji huelekea katikati, akizilegeza zote kwa robo mzunguko kwanza kabla ya kurudi mara ya pili na ya tatu. Anayefungua boliti moja hadi mwisho huku jirani zake zikiwa zimekaza huufanya mkazo wote uelekee upande mmja, na alumini haisahau.

Slivu

Sasa tufikie siri ya injini hii, jambo ambalo fundi aliyezoea magari ya Kijapani anaweza kulipuuza kwa kutolijua.

Katika injini nyingi za Kijapani, silinda zimechongwa ndani ya bloku yenyewe. Katika 504 sivyo. Kila pistoni hupanda na kushuka ndani ya mkebe wa chuma unaojitegemea, ambao mafundi huuita slivu. Mkebe huo umesimama ndani ya maji ya kupozea, na chini yake kuna kizibo chembamba kinachoyazuia maji yasiingie kwenye oili. Hakuna boliti inayoushikilia. Unashikiliwa na uzito na mkazo wa kichwa cha silinda peke yake.

Maana yake ni kwamba kichwa kikiondolewa, slivu zote nne hubaki zimesimama bila mlinzi. Kichwa kilichogandamana na gasketi kikivutwa juu kwa nguvu, huweza kuinuka pamoja na slivu. Ikiinuka hata unene wa ukucha, kizibo cha chini hung'oka mahali pake, na uchafu ulioganda kwa miaka arubaini huingia chini yake. Slivu haitarudi kukaa sawa. Mwenye gari atafunga gasketi mpya, atawasha injini, na baada ya siku chache atakuta maji ndani ya oili tena. Atailaumu gasketi, ilhali gasketi haina kosa.

Kwa sababu hiyo kichwa cha 504 hakiinuliwi kwanza. Huyumbishwa. Baada ya kuhakikisha kwamba boliti zote zimetoka (zihesabiwe, kwani ipo daima moja iliyojificha chini ya masizi), mfunguaji huingiza vipande viwili vya chuma cha mviringo katika matundu ya boliti na kuvitumia kama mikono ya kukitikisa kichwa, huku na huku, mpaka gasketi iachie. Ikibidi kugonga, igongwe kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mbao, na igongwe mahali palipo panene.

Patasi na bisibisi visiingizwe katikati ya kichwa na bloku kwa hali yoyote. Alumini ni laini. Mkwaruzo mmoja uliovuka kutoka tundu la maji hadi kwenye silinda unatosha kuifanya gasketi mpya ivuje.

Ipo hila nyingine inayotumiwa na baadhi ya mafundi, ya kulegeza boliti kisha kupiga stata ili mgandamizo wa hewa uking'oe kichwa. Hila hiyo inaweza kufaa kwingineko. Kwa injini ya slivu za kusimama ni balaa, kwa maana pistoni inapopanda huisukuma slivu juu pamoja nayo. Kwa sababu iyo hiyo, kichwa kikishatoka injini isizungushwe hata kidogo kabla ya slivu kubanwa.

Vibanio vya slivu havihitaji kuagizwa ng'ambo. Vipande vya bomba vilivyokatwa kwa urefu unaofaa, washa pana na boliti zile zile za kichwa vinatosha. Washa ilalie ukingo wa slivu bila kuingia njia ya pistoni, kisha boliti ikazwe kwa mkono na kuongezwa kidogo kwa spana. Fundi yeyote wa jua kali mwenye msumeno wa chuma atavitengeneza kwa nusu saa.

Boliti ikikatika

Kuna wakati hata subira haisaidii na boliti hukatika. Madereva wengi wa hapa kwetu hujaza rejeta kwa maji ya bomba au ya kisima miaka nenda miaka rudi, bila dawa ya kuzuia kutu. Alumini na chuma vikikutana ndani ya maji yenye chumvi huzaa umeme hafifu unaoila alumini, na unga mweupe unaotokana na ulaji huo huibana boliti kama saruji.

Dalili ya boliti inayotaka kukatika husikika mkononi kabla ya kusikika sikioni. Badala ya kuachia kwa mlio mkavu, hujipinda kama mpira. Hapo spana isimamishwe. Boliti irudishwe kidogo upande wa kukaza, itiwe mafuta ya kupenya kutu, iachwe hadi kesho yake, kisha ijaribiwe tena kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Kazi hii inaweza kuchukua siku nne. Mwenye gari anayempigia fundi simu kila saa kumhimiza ndiye mara nyingi anayesababisha ikatike.

Ikikatikia juu, si msiba. Kichwa kikishaondolewa kipande kitabaki kimesimama kwenye bloku kama kisiki, nacho hushikwa kwa koleo ya kujifunga na kuzungushwa taratibu.

Zinazosumbua zaidi ni boliti ndogo za kufungia bomba la moshi, zilizochomekwa ndani ya alumini na kuchomwa na joto mwaka baada ya mwaka. Hizi hukatika zikiwa sambamba na uso wa kichwa, pasiwe na pa kushika. Fundi mwenye busara hazihangaikii zikiwa garini. Huzisubiri hadi kichwa kitue juu ya meza, mbali na petroli.

Joto ni msaidizi mwema hapa, ila lina hatari yake. Chuma kikipata moto hubadilika rangi na kumwonya fundi. Alumini haionyi. Hubaki na rangi yake ile ile hadi inapokaribia nyuzi 660 za Selsiasi, kisha huporomoka ghafla kama ugali uliozidi maji. Mwali wa gesi mikononi mwa mtu asiyelijua hilo umezigeuza sehemu nyingi kuwa vyuma chakavu.

Njia ambayo mwandishi huyu angeichagua mbele ya nyingine ni ya kuchomelea nati juu ya kisiki. Nati huwekwa juu ya boliti iliyokatika, na mchomeleaji hujaza tundu lake kwa chuma cha moto hadi vishikamane. Chuma hicho hakishiki kwenye alumini iliyo kando, na joto linaloshuka ndani ya boliti huuvunja ule unga mweupe unaoibana. Iachwe ipoe kiasi, itiwe mafuta, kisha nati izungushwe kwa spana ya kawaida. Ikikatika tena, nati nyingine huchomelewa. Si ajabu kurudia mara tatu au nne.

Njia ya keekee huja baada ya hiyo. Kisiki hupigwa alama katikati kabisa kwa panchi, kisha hutobolewa kwa ncha nyembamba kabla ya nene. Zipo ncha zilizokatwa kinyume, zinazotoboa huku zikizunguka upande wa kufungulia, na mara nyingine boliti hutoka yenyewe zikiwa kazini. Alama ikikosea katikati, keekee huiacha boliti ngumu na kuifuata alumini laini, na tundu huharibika.

Tahadhari kubwa ni kuhusu kile chombo chenye umbo la parafujo ya kinyume kinachouzwa madukani kwa ajili ya kung'olea boliti zilizokatika. Kimetengenezwa kwa chuma kilichofanywa kigumu mno, na kitu kigumu mno huvunjika. Kikivunjikia ndani ya boliti, hakuna keekee ya kawaida itakayokitoboa. Kazi iliyokuwa ya fundi wa gereji hugeuka kuwa ya karakana yenye mashine ya kuunguza chuma kwa cheche za umeme, na karakana za namna hiyo ni chache. Boliti iliyokataa nguvu zote za spana haitatii kijiti chembamba kuliko yenyewe.

Mafundi wa saa wana njia ya upole zaidi. Skrubu ya chuma ikikatikia ndani ya shaba nyeupe, huichemsha katika maji ya shabu, na shabu huila chuma polepole na kuiacha shaba. Wapo wachongaji wa vyuma wanaoitumia njia hiyo kwa alumini pia. Ni ya mwenye muda mrefu na sufuria ambayo haitapikiwa tena.

Tundu likiharibika bado si mwisho. Hutobolewa upana zaidi, hukatwa hesi mpya, na kutiwa koili ya chuma ambayo boliti ya kawaida huingia ndani yake. Ikifanywa vizuri huwa imara kuliko alumini ya mwanzo.

Baada ya kutoka

Mabaki ya gasketi ya zamani yasiparuliwe yakiwa makavu wala kusuguliwa kwa msasa. Gasketi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa pumzini husababisha saratani miaka mingi baadaye. Yaloweshwe kwa maji, yaparuliwe kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, na takataka zake zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki zisije zikatupwa wanapochezea watoto.

Kisha rula nyoofu ya chuma iwekwe juu ya uso wa kichwa, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na vibamba vyembamba vya kupimia vijaribiwe chini yake. Mipaka inayokubalika imo katika kitabu cha mtengenezaji. Kichwa kilichopinda hupelekwa kusawazishwa, lakini mashine ikwangue kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa kila ikikwangua nafasi ya mwako hupungua na mgandamizo huongezeka. Kichwa kilichokwisha kukwanguliwa mara kadhaa na wamiliki waliotangulia huenda hakina tena cha kutoa. Kabla ya kulipia kazi hiyo ni vyema kipimwe kwa shinikizo la maji au hewa, maana hakuna faida ya kusawazisha kichwa chenye ufa.

Slivu nazo zipimwe. Zinatakiwa kuchomoza juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo ya milimita, zote kwa kiwango kinacholingana, ili gasketi ibanwe barabara. Ikiwapo moja iliyozama au kuyumba, zitolewe na kuwekewa vizibo vipya. Huu si wakati wa kuonea uchungu shilingi chache.

Matundu ya boliti kwenye bloku yakaushwe hadi chini. Maji au oili iliyobaki humo haina pa kukimbilia boliti inapokazwa, na shinikizo lake huweza kuupasua ukuta wa bloku. Boliti mpya zikipatikana ni bora kuliko za zamani zilizokwisha kuvutika.

Kukaza huanzia katikati na kuelekea pembeni, kwa hatua, kwa spana inayopima mkazo. Mkono wa fundi, hata akiwa na uzoefu wa miaka thelathini, si kipimo.

Jambo la mwisho ni themostati. Mafundi wengi wa humu nchini huing'oa na kuitupa wakidai kwamba Afrika ni joto na haihitajiki. Bila themostati injini huchelewa kupata joto linaloifaa, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Irejeshwe mpya pamoja na kifuniko kipya cha rejeta, kisha mfumo ujazwe maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na hewa itolewe. Injini iwashwe hadi feni na mipira yote ipate moto, izimwe, ilale usiku kucha. Asubuhi yake, kama mtengenezaji wa gasketi ameagiza hivyo, boliti hupitiwa tena kwa mpangilio ule ule, kisha nafasi za valvu hupimwa upya.